UZI: Mkaguzi kaniuliza "maziwa mliyoyakataa yako wapi humu?" nikabaki natoa macho. Wenye uzoefu wa daftari za kituo cha maziwa njooni

KaraniWaKeni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni karani na mpokeaji kwenye kituo cha kukusanyia maziwa huku Mvomero, Morogoro. Mwaka wa sita huu. Tunapokea kama lita 900 kwa siku, mvua zikikolea na majani yakiwa mengi tunafika 1,200, tanki letu la kupozea ni la lita 1,500. Wafugaji wako sabini na kitu, wengine wanaleta wenyewe wengine wanaleta na bodaboda.

Sasa sikilizeni. Jumatatu jioni napigiwa simu kwamba kesho kuna ukaguzi. Daftari la lita liko vizuri, hilo ndio la malipo, ukikosea hata nusu lita mama wa watu anakuja na fimbo. Ila daftari la UBORA, lile la laktomita (kile kifaa cha kuelea cha kujua kama maziwa yametiwa maji) na alkoholi na joto, nilikuwa sijaandika wiki tatu. Sio kwamba sipimi, napima wakuu, nachovya, naangalia, napokea au narudisha, ila kuandika nasema nitaandika mchana, mchana gari la kiwanda limefika, jioni nimechoka, basi.

Usiku nikakaa na chai na kalamu moja nikajaza wiki tatu zote. Laktomita 30, joto 4, alkoholi sawa, laktomita 30, joto 4, alkoholi sawa. Mpaka saa 7 usiku. Nikalala na amani kabisa.

Asubuhi kaja mama mmoja mtu mzima, mpole, kavaa gamubuti zake mwenyewe. Nikampa daftari. Akafungua kurasa kama nne hivi, akaniomba kalamu. Nikampa. Akachora kamstari pembeni ya ukurasa, akaangalia wino wa kamstari, akaangalia wino wa ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akanirudishia kalamu yangu. Hajasema kitu bado mimi jasho hilo.

Halafu akaniuliza kwa upole vile vile, mwanangu, hawa ng'ombe wa wafugaji sabini wamekaa kikao wakakubaliana wote watoe 30? Na hili joto la 4, mfugaji anakuja na maziwa ya kukamua saa 11 alfajiri yana joto la 4 ameyapitisha friji gani njiani?

Nikacheka kwa aibu. Yeye hakucheka. Akauliza swali ambalo ndio limenileta hapa: "Maziwa mliyoyakataa mwezi huu yako wapi humu?"

Wakuu, hakuna. Hatujawahi kuandika. Tunakataa karibu kila wiki lakini tunamrudishia mtu dumu lake anaondoka ananuna, yameisha. Akaniambia basi kwa mujibu wa daftari hili ninyi hamjawahi kukataa maziwa hata siku moja, maana yake ama mna wafugaji malaika ama hampimi.

Kanipa siku 30 anarudi. Naombeni msaada, niandike nini na nini, daftari ngapi, nizitunze muda gani? Na msinitukane sana, nimeshajitukana mwenyewe.

Chuma_cha_Mjerumani

Hahahaha ng'ombe wamekaa kikao 😂😂 huyo mama nimempenda bure

mzee_wa_mtindi

Nafuatilia. Kupika daftari huku kwetu ni fani, kuna watu wanajaza daftari la joto la friji la mwezi UJAO kabisa ili kupunguza kazi.

BwanaMifugo_Mstaafu

Kijana, hongera kwa kusema ukweli. Mimi nimekuwa huko serikalini miaka mingi na nikuambie jambo moja, daftari chafu lenye matope na namba zisizolingana ndilo mkaguzi analipenda. Daftari safi linatutisha.

Tuanze na la mapokezi maana ndilo mama wa daftari zote. Mstari mmoja kwa kila mfugaji kwa kila mara anapoleta. Uwe na: saa aliyofika (sio "asubuhi", andika saa 12:40), namba ya mfugaji, chombo alicholetea, harufu na muonekano, joto la maziwa, laktomita kama ilivyosoma, laktomita baada ya kusahihisha, alkoholi, lita, UAMUZI, na saini yako. Kwenye uamuzi ndipo watu wanapokosea, wanaacha wazi kwa sababu wanaona kama lita zimeandikwa basi yamepokelewa. Hapana. Andika "yamepokelewa" au "yamekataliwa", na ukikataa andika lita zilizokataliwa na sababu. Lita zilizokataliwa zikae safu yake zisije zikaingia kwenye jumla ya malipo.

Nimesema laktomita mara mbili kwa sababu. Laktomita nyingi za sasa zimetengenezwa kusoma sawasawa maziwa yakiwa na joto la nyuzi 20. Yakiwa na joto zaidi yanakuwa mepesi, kifaa kinazama, namba inashuka. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2. Kwa hiyo maziwa yenye joto la 30 yakasoma 26, unaongeza 2, ni 28. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, EAS 67, kinataka uzito wa kilo 1.028 mpaka 1.036 kwa lita, yaani 28 mpaka 36 kwenye laktomita. Unaona hapo? Bila safu ya joto 26 ni mwizi wa maji, ukiwa na safu ya joto 26 ile ile ni mtu mwaminifu. Na maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi bado yana mapovu na hewa, nayo yanasoma chini, yaache yatulie kwanza.

Alkoholi mnatumia ya asilimia ngapi?

KaraniWaKeni

Asante sana mzee, shikamoo. Ya 68. Tunachanganya kiasi sawa, maziwa mililita 2 na alkoholi mililita 2, yakiganda chembe chembe tunarudisha.

Ila mzee hilo la kuongeza 0.2 mimi nilifundishwa siku ya kwanza nikaja nikalisahau kabisa. Nafikiria watu niliowarudisha.

BwanaMifugo_Mstaafu

Marahaba. Sawa, 68 ndiyo yenyewe. Ila andika na kwamba yameganda VIPI, maana alkoholi haikuambii kwa nini. Yanaweza kuganda kwa sababu yameanza kuchacha, yanaweza kuganda kwa sababu ng'ombe amezaa juzi na yule mtu kachanganya dang'a, yanaweza kuganda kwa ugonjwa wa kiwele. Chemsha kidogo kwenye kijiko kama una wasiwasi, uandike na hilo. Siku ya kumwita yule mfugaji ukamwambia mara tatu mfululizo maziwa yako yameganda lakini hayana harufu ya kuchacha, mwite daktari amuangalie ng'ombe kiwele, hapo umemsaidia mtu.

Kericho_Wa_Maziwa

Habari za huko wasee wa TZ. Mimi niko Nyandarua, Kenya, sosaiti (ushirika) yetu inachukua maziwa mingi kuliko hiyo, lakini shida ni zile zile. Huku KDB (ile bodi yetu ya maziwa, iko tangu 1958) ikikuja inspection kitu ya kwanza inaangalia ni laiseni, ya pili ni rekodi, tanki wanaangalia mwisho kabisa.

Nitawaambia yenye ilitufundisha kuandika. Kuna mzee mmoja, mtu poa sana wa kanisa, ng'ombe yake ilipata mastaiti, ule ugonjwa wa kiwele. Vetinari akadunga, akamwambia usilete maziwa mpaka siku za kwenye chupa ziishe. Mzee akahesabu hasara akaona ah, ni lita kumi tu, nani atajua kwa tanki ya lita 3,000. Ikaenda. Kule kwa plant, yaani kiwanda, wakapima antibiotiki, ikashika. Tanki yote ikakataliwa. Lita 3,000 za watu wengine wenye hawakudunga chochote!

Sasa kwa sababu sisi tulikuwa tunaandika lita tu, hatukuweza kujua ni nani. Hasara tuligawana wote, kila mtu akakatwa. Huyo mzee alikuja kusema mwenyewe miezi baadaye, dhamira ilimkula.

Siku hizi kila anayeleta tunatoa sampuli ndogo kwa kachupa, tunaandika namba ya mfugaji na tarehe, inakaa kwa friji mpaka plant ithibitishe tanki iko sawa. Na kila mfugaji ako na kadaftari ka matibabu nyumbani: ng'ombe gani, dawa gani, nani alidunga, siku gani, maziwa itarudi lini. Kuchemsha haitoi antibiotiki wasee, msidanganyane. Na ukipika yogati na hiyo maziwa hailali, yaani haigandi, zile bakteria za kulaza zinakufa, unabaki na maji nyeupe.

Chuma_cha_Mjerumani

Naomba niseme ukweli hata kama mtanichukia. Makaratasi hayamkamui ng'ombe. Mnamwongezea karani wa watu safu kumi na mbili, foleni ya wafugaji sabini asubuhi, kila mmoja dakika tatu, hesabu mwenyewe. Wa mwisho atapokelewa saa 4 maziwa yameshachacha huku mnaandika kwamba yalikuwa mazuri. Mimi pia nafanya kazi karibu na maziwa kwa hiyo sio kwamba naongea tu.

mzee_wa_mtindi

Hapo ana hoja jamani, tusimrukie.

BwanaMifugo_Mstaafu

Ana hoja, na jibu ni watu wawili. Mmoja anapima anataja kwa sauti, mwingine anaandika. Mpimaji mikono yake imelowa maziwa, akiandika yeye daftari linakuwa mtindi. Tulifanya hivyo kwenye kituo kimoja cha wafugaji kama wenu na foleni ilikwenda upesi kuliko zamani, kwa sababu kubishana kuliisha. Mfugaji anasikia namba yake inatajwa mbele ya wenzake.

MamaNg'ombe2

Samahanini naingilia, mimi sio karani, mimi ni mfugaji, nina ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba. Nimesoma huu uzi mpaka machozi yamenilenga na nitasema kwa nini.

Mwaka juzi nilirudishiwa maziwa kwenye kituo changu, sitakitaja. Kijana kachovya laktomita kasema mama umetia maji. Mbele za watu. Dumu la lita 14. Mimi sijawahi kutia maji hata tone, mume wangu marehemu alikuwa mtu wa dini asingekubali na mimi siwezi. Nikamwambia pima tena. Kapima tena, 26 na nusu. Kasema unaona. Wenzangu kwenye foleni wamenyamaza, unajua ule unyamavu.

Nikarudi nyumbani, mtaani nikawa mama maji. Watoto wa jirani wakawa wananiimbia.

Binti yangu yuko chuo cha kilimo, alipokuja likizo nikamhadithia. Akaniuliza yalikuwa na joto gani? Nikasema mwanangu mimi natoka kukamua naenda, ni karibu tu, yalikuwa ya moto. Siku ya pili kaja na kipimajoto chake tukaenda wote. Joto 29. Laktomita 26 na nusu. Kamwambia yule kijana taratibu, ongeza 1.8. Ikawa 28.3. Kijana akasema sisi hatuandikagi joto.

Hawaandikagi joto. Mwaka mzima nimeitwa mama maji kwa ajili ya safu moja ya daftari.

Nikaenda kwa mwenyekiti kuomba jina langu lisafishwe, akafungua daftari atafute siku ile nilipokataliwa. Haipo! Haijaandikwa popote, kana kwamba siku ile sikwenda. Sasa nitajisafishaje kwa kitu ambacho hakipo? Kwa hiyo wewe KaraniWaKeni andika mwanangu, andika hata yale unayoyakataa, na umpe mtu kikaratasi.

KaraniWaKeni

Mama pole sana. Kwa kweli sina la kusema. Nimekaa hapa nahesabu nimewafanyia wangapi hivyo.

Kericho_Wa_Maziwa

Pole mum. Hiyo kitu ya kikaratasi ni muhimu sana. Huku tukikataa tunaandika slipu mbili, moja ya mfugaji moja inabaki, iko na sababu na namba zenyewe, na yeye anasaini. Akikataa kusaini unaandika amekataa kusaini, shahidi anasaini.

Na maziwa iliyokataliwa ilienda wapi pia iandikwe. Ukimrudishia tu mtu kimya kimya atazunguka na barabara ya nyuma auzie hoteli, ama atie magadi ionekane haijachacha arudi kesho. Sisi tunaweka rangi kidogo ile ya chakula ndio isiuzwe, anaenda nayo kwa ndama.

Mchagga_Wa_Wisconsin

Wakuu salama? Nimechelewa ila uzi umenigusa maana ndio kazi yangu ya kila siku. Niko Marekani, Wisconsin, kiwanda cha jibini, zamu ya usiku. Nilikuja huku nikidhani wenzetu wana mashine ya ajabu ya kujua maziwa mabaya. Mashine zipo ndio, ila kinachowaweka mjini ni makaratasi, na mengine ni makaratasi kweli kweli, sio kompyuta.

Mfano. Mtambo wa kuchemshia maziwa una chati ya mviringo kama sahani, kalamu inachora yenyewe joto linavyopanda na kushuka, chati moja haizidi masaa 12. Sisi tunachemsha nyuzi 72 kwa sekunde 15, ule wa mapipa wa kizamani ni 63 kwa nusu saa. Ukiitoa chati unaandika tarehe, mtambo, bidhaa, umeme ulikatika au la, na jina lako. Mkaguzi akija haangalii usafi wa chati, anaangalia mstari ulipotikisika halafu anauliza hapa saa 8 na dakika 10 kilitokea nini? Kama umeandika pembeni "pampu ilisimama, maziwa yakarudishwa yachemshwe upya" anaendelea mbele. Kama hujaandika, mtakaa hapo.

Sasa swali la mleta uzi la muda wa kutunza. Kwa viwanda vilivyo kwenye mpango wa ukaguzi na upangaji madaraja wa wizara yao ya kilimo, USDA, imeandikwa kabisa kwenye kanuni zao, sehemu ya 58. Matokeo ya vipimo vya maziwa mabichi ya KILA mfugaji, vya bakteria na vya uchafu, miezi 12. Muhtasari wa mwezi wa wafugaji wangapi wako daraja gani, miezi 12. Vipimo vya kurudia kwa aliyewekwa chini ya uangalizi, miezi 12. Maziwa YALIYOKATALIWA, miezi 12. (Umeona mama mkaguzi wako hajakosea? Wanaidai mpaka huku.) Chati za kuchemshia na za kupozea, miezi 3. Cheti cha kipimo cha maji, miezi 6. Na majibu ya vipimo vya dawa kwenye maziwa, pamoja na barua ya kuitaarifu mamlaka ya jimbo kwamba mzigo umekutwa na dawa, miezi 12.

Kinachochekesha ni kwamba huo mpango wa madaraja ni wa hiari. Sheria yake ni ya 1946, kiwanda ndio kinaomba na kinalipia masaa ya mpangaji. Watu wanalipa hela wakaguliwe! Kwa sababu bila yeye huwezi kubandika ile ngao ya daraja AA kwenye siagi yako, na wanunuzi wakubwa wanaitaka. Mpangaji wa siagi anakata, ananusa, anaonja, anaandika kasoro moja moja, ladha, mwili wa siagi, rangi, chumvi. Nilimuona mzee mmoja anafanya hivyo nikamkumbuka bibi yangu Kibosho na samli yake, tofauti bibi hakuandika.

Na lile la antibiotiki la jamaa wa Nyandarua, huku kila lori la maziwa linapimwa kabla halijashusha hata lita. Dereva anakuwa amebeba sampuli ya kila shamba alilopita. Lori likishika, zinapimwa zile chupa moja moja mpaka apatikane, na mwenye chupa analipa mzigo mzima. Chupa bila maandishi ni chupa tu.

mzee_wa_mtindi

Watu wanalipa wakaguliwe. Nimesoma mara mbili.

Kibao_kata

Swali la mgeni. Hayo madaraja na huku yapo? Maana kwetu maziwa ni maziwa, bei moja, la mchafu na la msafi.

BwanaMifugo_Mstaafu

Yapo kwenye maandishi. EAS 67 toleo la 2006 lilipanga maziwa mabichi kwa hesabu ya bakteria kwa mililita: daraja la kwanza chini ya 200,000, la pili kuanzia hapo mpaka milioni moja, la tatu mpaka milioni mbili. Zaidi ya hapo hayafai. Sasa karani hana macho ya kuona bakteria, na ile sahani ya maabara inakaa siku tatu ndipo uhesabu, maziwa yenyewe yameshanywewa. Ndiyo maana kituoni unatumia vipimo vya haraka, na kwenye kituo kikubwa resazurini, ile rangi ya bluu, unasubiri dakika 10 unaangalia imebaki bluu au imekuwa pinki au nyeupe kabisa, bluu ikitoweka ujue bakteria ni wengi. Kisha mara moja moja sampuli ya kila mfugaji iende maabara, na majibu yakirudi uyaandike kwenye ukurasa WAKE yule mfugaji, sio ukurasa wa siku.

Hapo ndipo bei inaweza kutofautiana. Huwezi kumlipa mtu bonasi ya usafi kwa kumbukumbu ya kichwani, wenzake watasema ni shemeji yako.

Na usisahau vifaa vyenyewe. Kipimajoto kitie kwenye barafu inayoyeyuka, kisome sifuri, uandike tarehe. Mizani au chombo cha kupimia lita kiwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Wanaomlipa mfugaji kwa lita halafu wakauza kwa kilo waangalie, lita moja ya maziwa ni kama kilo 1.03, keni ya lita 30 inakaribia kilo 31, hiyo karibu kilo moja inaliwa na nani?

Kericho_Wa_Maziwa

Hiyo kilo moja 😂 mzee umegusa watu wengi hapo, wengine wamejenga nayo.

Kibao_kata

Na hawa wakaguzi ni wa wapi hasa, TFDA?

BwanaMifugo_Mstaafu

TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, haipo tena kijana. Chakula kilihamia TBS, Shirika la Viwango, mwaka 2019, dawa zikabaki TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Tasnia ya maziwa yenyewe ina Bodi ya Maziwa kwa sheria ya 2004. Halafu kuna afya na mifugo wa halmashauri. Anaweza kuja yeyote kati yao na kila mmoja na fomu yake, ndiyo maana nasema daftari liwe moja la kweli, usiandike la huyu na la yule.

nuru_ya_eksel

Mimi nashangaa hakuna aliyesema simu. Tengeneza eksel, au jaza kwenye fomu ya gugo, muda unajiandika wenyewe, huwezi kupika wiki tatu usiku mmoja. Karne hii daftari?

KaraniWaKeni

Mkuu mikono imelowa, simu yangu kioo kimepasuka na umeme tunao kwa neema ya Mungu. Labda mchana nihamishie.

BwanaMifugo_Mstaafu

Hamishia mchana, lakini la asubuhi lisitupwe, hilo ndilo la asili. Na kalamu, sio penseli. Ukikosea usifute na usipake rangi nyeupe, piga mstari mmoja ile namba ya zamani isomeke, andika mpya pembeni, saini. Umeme ukikatika andika saa uliyokatika, saa uliyorudi, na joto la tanki mara hizo mbili.

KaraniWaKeni

Wakuu, nimerudi. Mama mkaguzi kaja leo, siku ya 33, barabara ilikuwa imeharibika.

Nilifanya hivi. Dada mmoja wa ushirika anaandika, mimi napima natamka. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu, tulichelewesha gari la kiwanda siku mbili na dereva alinitukana matusi ya kisukuma sikuyaelewa yote. Wiki ya pili tukazoea. Kitabu cha slipu za kukataa nilichapisha pale stationari, cha nakala mbili.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea. Juzi nikawa nahesabu slipu nijiandae. Kwa mwezi mzima tumekataa mara 14. Nikazipanga mezani. Mara 9 kati ya hizo 14 ni ALHAMISI. Na zote 9 ni wafugaji wa upande mmoja, wa ng'ambo ya mto, wanaoletewa na bodaboda mmoja. Sababu ni ile ile, alkoholi imeganda, joto 31, 32.

Alhamisi kwetu ni gulio. Yule kijana anakusanya maziwa saa 12, badala ya kuja moja kwa moja anapitia gulioni kushusha abiria na mizigo ya nyanya, anatufikia saa 3 na kitu, madumu yanapigwa jua. Safu ya saa ya kufika ndio imemkamata. Miaka sita mimi nilikuwa naamini wale wa ng'ambo ni wachafu tu, na nilikuwa nawaambia hivyo.

Nimemuonyesha mkaguzi slipu kabla hajaniomba. Kakaa nazo muda mrefu kuliko daftari. Kauliza umefanya nini kuhusu huyu kijana, nikamwambia tumekaa naye, Alhamisi anabeba maziwa kwanza ndio gulio, na ushirika unamwongezea hela ya mafuta siku hiyo. Kaniambia na hilo liandike, na tarehe mliyokaa. Sikuwa nimeliandika. Nikaandika mbele yake.

Na mama wa laktomita, MamaNg'ombe2, nimepitia wafugaji ninaokumbuka niliwarudisha kwa maji. Wanne nimewafuata nyumbani. Mmoja alinikaribisha chai, wawili walinisikiliza mlangoni, mmoja hakufungua.

MamaNg'ombe2

Huyo ambaye hakufungua mwache kwanza. Rudi baada ya mavuno. Mungu akubariki mwanangu.

Mchagga_Wa_Wisconsin

Safi sana mkuu. Hiyo Alhamisi ningeiweka ukutani hapa kazini.

Chuma_cha_Mjerumani

Karani, ile slipu ya kukataa ina safu gani na gani? Na stationari walikuchapia kitabu shilingi ngapi? Nauliza tu.

KaraniWaKeni

😂😂 Njoo inbox.